Mbeleko na Siafu

Kulipopambazuka, Tupokigwe alikiingiza kiti cha mama mkwe wake kwenye banda la ng'ombe, akakizima kwa kidole gumba, akafunga mlango kwa kufuli na kuutia ufunguo kifuani. Kiti kilikuwa kimeanza kumsalimia kama kawaida yake, "Ugonile, mlezi, leo tuna..." sauti ikakatika. Ng'ombe aligeuza shingo akakitazama, kisha akaendelea kucheua.

Tupokigwe akaenda jikoni, akabandika uji, akangoja kuitwa. 

"Tupo! Mbeleko iko wapi?"

Jina la dukani la kile kiti lilikuwa refu na la kigeni, lakini Tukuyu nzima walikiita mbeleko. Kilikuwa na miguu sita myembamba iliyopanda ngazi na kuvuka matope bila kumwaga chai ya aliyekalia. Kilimchukua mzee kitandani, kikampeleka chooni, uani, kanisani, kikamrudisha. Tangazo lake watoto waliliimba shuleni: Mama alikubeba, sasa mbebe. Kwa hiyo kila mwenye watoto wanaojiweza alikuwa na mbeleko, na mzee aliyeonekana barabarani akitembea kwa miguu yake alionewa huruma. Watu walisimama wakamuuliza, kwani mama, hukujaliwa kuzaa?

"Iko bandani, Mama."

"Inafanya nini bandani? Ilete, haja imenibana."

"Choo kiko hapo karibu, Mama. Amka nikushike mkono."

Mama mkwe huyo, Bibi Subilaga, katika ujana wake alikuwa mnyapara wa wachuma chai, na ingawa shamba lilimstaafisha zamani, ulimi wake haukustaafu naye.

"Umekunywa nini asubuhi yote hii?"

"Sijanywa kitu, Mama."

"Basi umerogwa. Lete mbeleko, mwanamke wewe, kabla sijapiga kelele Mama Lugano akasikia."

"Siileti," alisema Tupokigwe. Aliyasema maneno hayo akiutazama uji, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, na kwa miaka yote aliyokaa katika nyumba ile hakuwahi kumwambia mama mkwe wake hapana.

*

Wiki iliyotangulia walikuwa hospitalini Mbeya. Mbeleko ilipita koridoni ikakwepa ndoo na miguu ya watu, na Tupokigwe aliifuata nyuma, ameshika mkoba, thermosi na kanga ya akiba.

Ukutani kulikuwa na kitanda, na juu yake alilala mzee mmoja mrefu. Binti yake alikuwa akimlisha mtori kwa kijiko.

"Huyu ni Mzee Anyosisye," nesi aliwaambia, kama anayeonyesha kombe la mashindano. "Alikuwa na uvimbe kwenye ini kama wa Mama hapa. Siafu wameumaliza wote. Kapona kabisa."

Mzee Anyosisye alitabasamu. Nzi akatua mdomoni mwake. Akatembea juu ya mdomo, akaingia kwenye kona ya tabasamu, akatulia. Mzee alimtazama huyo nzi kwa macho, mkono wake ukasogea kidogo juu ya shuka, ukashindwa kuinuka. Bibi Subilaga aliinama kutoka kwenye mbeleko, akamfukuza nzi kwa ncha ya kanga.

Ndani, Daktari Kissa alikuwa na picha mbili ukutani, na katikati yake uso wa Ambakisye, mtoto mkubwa wa Bibi, aliyekuwa akizungumza nao kutoka Dodoma.

"Siafu tunawaingiza kwa tundu la sindano, hapa chini ya mbavu," daktari alieleza. "Hakuna kisu, hakuna mshono. Ni vimashine vidogo kuliko vumbi la unga. Vinaujua uvimbe kwa harufu yake, vinautafuna, vikimaliza vinatoka na mkojo. Lakini havina chakula chao wenyewe. Vinakula nguvu ya mwili vilimo. Sukari ya kwenye damu vinaimaliza mara moja, na baada ya hapo mwili unafungua ghala lake. Ghala la mwili ni misuli."

Alionyesha picha ya kwanza, kiuno cha mtu kilichokatwa kwa mwanga kama mtu akatavyo nyanya. Pembeni mwa uti wa mgongo kulikuwa na nyama mbili nene, kila moja kama ngumi.

"Huyu ni mama wa umri wenu anayelima bado." Akaonyesha ya pili. Hapo nyama zilikuwa kama ndimi mbili zilizokauka. "Huyu ni Mama. Uzee unapunguza misuli ya kila mtu, kila mwaka kidogo. Lakini hivi si uzee peke yake. Nikiwatuma siafu kwenye ghala hili, watamaliza kansa, nao watamaliza ghala. Mmemwona Mzee pale nje. Wa namna yake walipokuwa wengi ndipo tukaanza kupima kwanza. Kwa hiyo nakataa."

"Hakuna njia?" aliuliza Ambakisye.

"Kujenga misuli. Atembee, ainuke na kukaa, abebe kitu, ale maharage, mayai, maziwa. Na asichelewe. Masika yakiisha, uvimbe utakuwa umegusa mshipa mkubwa, na hapo hata akiwa na misuli ya mpiganaji siwatumi siafu."

Ambakisye alifuta macho. "Daktari, mama yangu amefanya kazi ngumu maisha yake yote. Hatuwezi kumrudisha kwenye kazi akiwa mgonjwa. Sisi watoto tutamtunza. Apumzike kwa heshima."

Hapo ndipo Bibi Subilaga alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Hao siafu wenu," aliuliza, "wanauma?"

"Hapana, Mama. Huwasikii kabisa."

"Mh," akasema, akapapasa mkono wa mbeleko, basi.

Walipokuwa wanatoka, daktari alimvuta Tupokigwe pembeni. "Nani anakaa naye?"

"Mimi. Mkamwana wake. Mume wangu alikuwa mdogo wake huyo wa ukutani, ni marehemu."

"Mama anashughulika na nini kutwa?"

"Hashughuliki na kitu, Daktari," alijibu Tupokigwe kwa fahari, maana kwa jambo hilo alishapigiwa makofi kanisani mbele ya akina mama wote. "Hata kiatu namvalisha mimi. Hata kikombe namshikia."

Daktari Kissa alimtazama. Hakuwa na uso mbaya. "Basi ndiyo maana," alisema.

Njia yote ya kurudi Tukuyu Tupokigwe aliyasikia maneno hayo. Nyumbani alimpigia magoti mama mkwe wake, akamwomba watembee kidogo tu, hadi kwenye migomba na kurudi.

"Nitembee watu waseme Ambakisye kafilisika? Niache nife nimekaa."

Alisema hivyo waziwazi, na Tupokigwe alimsikia vizuri. Lakini alikuwa amelisikia na lile swali. Mtu aliyekubali kufa, alijiambia, hana haja ya kujua kama siafu wanauma. Juu ya swali hilo moja alijenga kila alichokifanya baadaye, na hakuwa na hakika kama lilikuwa na uwezo wa kubeba mzigo wote huo.

*

Siku ile ya kwanza Bibi Subilaga alijikojolea kitandani kwa makusudi, akamwita Tupokigwe aje aone.

Tupokigwe alibadilisha shuka. Kisha akaenda kuweka uji, mayai na maharage juu ya meza ya jikoni, ng'ambo ya ua, akarudi kusimama mlangoni.

"Chakula kiko jikoni, Mama."

"Kilete."

"Kiko jikoni."

Hakula siku ile. Tupokigwe naye hakula, ingawa hakumwambia mtu. Kesho yake, mvua ikinyesha nyembamba kama kawaida ya Tukuyu, kikongwe alitokea mlangoni ameshikilia fremu ya mlango kwa mikono miwili, magoti yakigongana, akaanza kuvuka ua akitukana kila hatua.

"Mchawi. Tasa. Umemla mwanangu, sasa unanila mimi."

Tupokigwe alimfuata nyuma kwa nyuma, amenyoosha mikono yote miwili bila kumgusa, kama mtu anayefuata kuku anayetaka kutoroka. Bibi alipogeuka, aliificha mikono mgongoni. Katikati ya ua kikongwe aliteleza akakaa kwenye matope, na kabla Tupokigwe hajamfikia, sauti ilipasuka juu ya ua wa michongoma.

"Jamani! Mama wa watu anatambaa kama mtoto! Njooni mwone!"

Alikuwa Mama Lugano, jirani, ameinua simu juu kabisa anapiga picha.

"Mama Lugano, tafadhali..."

"Tafadhali yako kaa nayo! Leo nimekujua. Kumbe ule upole wote ulikuwa wa kanisani!"

Picha ilisambaa. Bombani, wanawake waliacha kumwitikia salamu. Kwaya ya akina mama ilipopanga mistari, alijikuta amesimama peke yake mwishoni na nafasi ya watu wawili kati yake na mwenzake. Muuza maziwa alimpa chupa akiwa ametazama pembeni. Tupokigwe alikuwa mtu wa haya tangu utotoni, mtu ambaye kuangaliwa tu na wengi kulimtoa jasho, na sasa hakuna alikopita asiangaliwe. Alirudi nyumbani, akajifungia stoo, akalia huku amekibana kinywa kwa kanga. Akatoka akapandisha bakuli la maharage kutoka mezani hadi juu ya kabati, ili mtu anayelitaka lazima ainue mikono.

Masika yalizidi. Kikongwe alijifunza njia ya jikoni, akashika shina la mgomba wa kwanza, la wa pili, akavuka. Kigoda cha jikoni kilikuwa kifupi, na kila kukaa na kuinuka kulikuwa vita. Tupokigwe alianza kumpa ndoo ya maji, robo tu, kisha nusu. Akampa jembe dogo la bustani.

"Unanilimisha. Mimi! Niliyekuwa nasimamia watu mia!"

"Mstari mmoja tu, Mama."

"Sikiliza wewe." Bibi Subilaga alijiegemeza kwenye jembe, anahema, jasho na mvua vikichuruzika usoni. "Siku miguu hii ikipata nguvu, nitaingia chumbani kwako, nitatoa godoro lako, nitalitupa kwenye matope. Mwenyewe. Sitamtuma mtu."

"Sawa, Mama," alisema Tupokigwe. "Mstari mmoja kwanza."

*

Ambakisye alifika mchana mmoja na mvua zake, suti imelowa, simu yenye ile picha ya Mama Lugano mkononi. Hakumsalimia shemeji yake.

"Ufunguo."

Tupokigwe alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta wa jikoni.

"Mdogo wangu alipofariki, ukoo ulisema urudi kwenu. Mimi nikasema hapana, akae, anamtunza mama. Nikakutetea. Kumbe nimemkabidhi mama kwa nani?"

"Shemeji, daktari alisema..."

"Nilikuwepo! Nilisikia alichosema daktari. Nakuuliza kitu kimoja tu. Mama alikubali?"

Mvua iligonga bati. Mama Lugano alikuwa tayari kwenye ua wa michongoma.

"Nakuuliza. Alikubali?"

"Hapana," alisema Tupokigwe.

"Sema kwa nguvu, majirani wasikie."

"Hapana. Aliuliza kama siafu wanauma."

Ambakisye alicheka kicheko kibaya. "Kwa hiyo mtu akiuliza, wewe unamnyima chakula? Yule ni mama yangu! Alinibeba mgongoni akichuma chai kwenye baridi ya hapa. Hakuniweka chini. Mimi ninachoweza kumrudishia ni kile kiti tu, wewe unakifungia na ng'ombe!" Tupokigwe akaona kwamba mtu huyu naye anampenda mama yake, anampenda kwa moyo wote, na hilo likamuumiza kuliko makelele.

Akautoa ufunguo kifuani, akampa. Hakuwa na haki ya kuukatalia.

Mbeleko ilitoka bandani imejaa utando wa buibui, kinyesi cha ng'ombe kwenye mguu mmoja. "Ugonile, Mama," ilisema kwa furaha, ikapiga magoti yake sita mbele ya mlango wa jikoni.

Bibi Subilaga alikuwa amesimama mlangoni hapo, mwiko mkononi.

"Kaa, Mama," alisema Ambakisye kwa upole. "Yamekwisha. Huyu anaondoka leo hii."

"Nani kasema anaondoka leo?"

"Mimi, Mama."

"Wewe nani? Nyumba hii umejenga wewe?" Mwiko ulimwelekea mwanawe. "Unakuja na makelele yako, umewaita watu wasimame kwenye michongoma yangu. Na wewe Mama Lugano shuka hapo kabla sijakufuata! Unasema nilikubeba. Nilikubeba kwa sababu ulikuwa hujui kutembea! Ulipojua, nilikushusha. Ulilia hadi ukatapika, shamba zima likaniambia nina roho mbaya, na sikukupandisha tena."

Ambakisye aliitazama miguu ya mama yake.

"Mama, umesimama," alisema, kama mtu anayegundua kitu cha hatari. "Umesimama muda wote huu."

"Naongea, ndiyo maana nimesimama. Ondoa hiki kidude mlangoni." Kisha akamgeukia Tupokigwe, macho yamekuwa madogo kwa chuki. "Na wewe usifurahi. Wewe nitakufukuza mimi. Sitaki msaada wa mtu. Nikipona nakufukuza kwa miguu yangu, na ikibidi kupita kwa hao siafu ndipo nipone, nitapita."

*

Daktari Kissa alipima mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuamini. Zile ndimi zilizokauka zilikuwa zimenona kidogo. Hazikuwa ngumi, wala hazikukaribia kuwa ngumi, lakini zilikuwa zimevuka mstari.

"Zimevuka kwa ukucha," alisema. "Naweza kuwatuma siafu. Siahidi zitabaki kiasi gani."

Kabla ya sindano alimwuliza Bibi Subilaga mbele ya mwanawe na mkamwana wake kama anataka. Aliuliza polepole, akangoja.

"Nataka," alisema kikongwe. "Huyu asiwemo chumbani."

Tupokigwe akatoka, akasimama koridoni. Kitanda cha Mzee Anyosisye kilikuwa bado palepale ukutani, sasa kimewekewa chandarua kidogo usoni cha kuzuia nzi. Ndani, kwa tundu dogo kuliko punje ya mchele, siafu waliingia. Walitafuna usiku na mchana. Bibi Subilaga alichemka homa, akakonda mashavu, akaota yuko shambani anawagombeza wachuma chai waliokufa zamani. Vimashine vilipotoka, daktari alivihesabia kwenye chombo, akaitazama picha ya ini, safi, halafu akaitazama picha ya kiuno kwa muda mrefu zaidi.

"Nyama zimeliwa," alimwambia Tupokigwe. "Nyingi. Lakini hazikuliwa zote."

Kikongwe hakuinuka wiki hiyo. Iliyofuata akaketi. Akaomba kigoda kifupi, kama kile cha jikoni, na manesi hawakujua watakipata wapi, ikabidi Tupokigwe akilete kutoka Tukuyu na kukiacha mlangoni, maana kuingia alikuwa bado amekatazwa.

*

Siku ya kurudi, gari la Ambakisye lilisimama barabarani, na mbeleko ilikuwa inangoja kwenye lango, imeoshwa, imetandikwa kitambaa cheupe. Bibi Subilaga aliipita. Alishika lango, akashika mgomba wa kwanza, akashika wa pili. Majirani walikuwa wamejaa. Hakuna aliyepiga vigelegele, kwa sababu uso wake haukuwa wa vigelegele.

Hakwenda chumbani kwake. Alikwenda chumba cha Tupokigwe.

Tupokigwe alimfuata nyuma, mikono imenyooka yenyewe kwa mazoea.

"Usiniguse."

"Ndiyo, Mama."

Godoro lilikuwa la sufi, zito. Kikongwe alilivuta kitandani akapumzika, akalivuta hadi mlangoni akapumzika. Ambakisye alitaka kusaidia akafukuzwa kwa kidole.

"Mama," alisema Tupokigwe, na machozi yalikuwa yanashuka bila sauti. "Uliuliza kama wanauma. Nilidhani unataka."

"Kuuliza siyo kukubali."

"Ungekufa."

"Ningekufa mimi. Wewe ulikuwa unakufa?" Alihema. "Ulinilaza na njaa ndani ya nyumba yangu. Watu wakaniona natambaa. Nimepona, ndiyo. Nani kakwambia kupona kunafuta?"

Swali hilo Tupokigwe alikuwa amejiuliza tangu siku ya kwanza, tangu ile asubuhi ya kufuli.

Godoro likatua kwenye matope. Likafuata sanduku dogo la nguo, likafuata kanga. Kiatu kimoja kilianguka kizingitini. Bibi Subilaga aliinama hadi chini, akakiokota, akasimama wima, akakitupa. Watu walikitazama kiatu. Tupokigwe alimtazama yeye. Mkono wa kikongwe haukuwa umegusa ukuta, wala fremu, wala goti.

Alikusanya vitu vyake. Godoro alilitia kichwani, sanduku mkononi, matope yakamchuruzika shingoni. Aliposhika njia ya kutoka alisikia nyuma yake zile nyayo, nzito, zikiburuta kidogo upande wa kushoto. Bibi Subilaga alikuwa anamsindikiza kwa matusi ahakikishe ametoka kabisa.

"Nenda! Usigeuke! Mpaka barabarani!"

Njia fupi ya kwenda barabarani ilipita langoni. Tupokigwe hakuishika. Alizunguka kwa nyuma, kupitia kwenye migomba, kule kwenye kilima, akitembea polepole, ili nyayo zile ziendelee kumfuata.